Hotuba ya Mkurugenzi wa Mwonekano kwa Mtaa Uliong'olewa Vibao

(Imenakiliwa neno kwa neno na katibu wa kikao, ambaye aliagizwa aandike pia hali ya wasikilizaji kwenye mabano. Ameandika alichokiona.)

Mheshimiwa Mwenyekiti wa uzinduzi huu, ambaye hayupo. Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti, ambaye angemwakilisha. Ndugu Afisa unayemwakilisha Makamu Mwenyekiti, kwa kuwa Makamu naye nimeambiwa yuko njiani tangu asubuhi. Waheshimiwa Wakuu wa Idara, Wakuu wa Vitengo, Wakuu wa Vijitengo na Makaimu wenu wote. Mstahiki Mshauri wangu wa Masuala ya Ushauri. Ndugu Mratibu wa Waratibu. Mke wangu mpendwa, uliyeketi kwenye kochi la kwanza. Dada yake, yaani shemeji yangu, ambaye ni mjumbe wa kamati kwa sifa zake mwenyewe. Mpiga picha wetu rasmi, tafadhali njoo huku, upande huu wa kushoto ndio wenye sura. Mabibi na mabwana. Na ninyi wenye maduka, mlioketi kule nyuma juani: itifaki imezingatiwa.

(Makofi kutoka kwenye makochi. Kule nyuma mtu mmoja amepiga chafya.)

Ninasimama mbele yenu siku hii ya Jumamosi nikiwa na unyenyekevu mkubwa, unyenyekevu ambao wenzangu ofisini wamenisifia mara nyingi na ambao, kwa ruhusa yenu, umewekwa kwenye wasifu wangu ukurasa wa pili, kuja kuzungumza nanyi kuhusu jambo ambalo ninyi wenyewe hamkujua kwamba mnalihitaji, nalo ni mwonekano wa biashara zenu, au kama tunavyosema sisi wataalamu, vijuali brandingi, maana duka bila brandingi ni chumba tu chenye vitu ndani, na mwenye duka bila brandingi ni mtu tu amesimama kwenye chumba hicho akisubiri bahati yake.

Miezi mitatu iliyopita nilipita kwenye mtaa huu kwa mara yangu ya kwanza, nikiwa ndani ya gari, vioo juu kwa sababu ya vumbi lenu, nikielekea kwenye semina, na nikamwambia dereva, hebu punguza mwendo. Ndugu wadau, niliyoyaona siku ile yalininyima hamu ya semina. Niliona kibao cha kinyozi kilichochorwa kichwa cha mwanaume mwenye masikio mawili upande mmoja. Niliona kiatu kikubwa kikuukuu, kiatu cha kweli kabisa chenye matope ya kweli, kimening'inizwa kwa waya mlangoni kwa fundi viatu, eti ndiyo tangazo. Niliona redio iliyochorwa inacheka, meno yote nje. Niliona mwoka mikate ameandika kwenye ubao, kwa mwandiko wake wa mkono, "Mkate wa leo ni wa leo, wa jana niulize," maneno ambayo hayana mkakati ndani yake hata chembe. Na kubwa kuliko yote, nikaona kwa mama mmoja mshonaji gauni lililochorwa mkono mmoja wa kawaida na mkono mwingine mrefu, mrefu, mrefu, unatoka begani unaenda mpaka mwisho wa ubao kama vile unaomba lifti.

(Kicheko kwenye makochi. Nyuma amecheka kinyozi peke yake, akamwambia jirani yake: "Yale masikio nilimwambia mimi mchoraji ayachore hivyo, ili mtu aone huku kwangu sikio halikatwi.")

Nikajiuliza, je, huu ndio mtaa tunaotaka wageni wauone? Je, mwekezaji akipita hapa akakuta redio inamcheka, atawekeza? Sikulala. Yaani nililala, lakini kwa wasiwasi. Na kesho yake, bila kuombwa na mtu yeyote, bila kushauriana na mtu yeyote, nikabuni kwa akili yangu mwenyewe Mpango Kabambe Jumuishi wa Kuhuisha Mwonekano Halisi, kwa kifupi MKJKMH, kifupisho ambacho kikosi kazi chetu bado kinatafuta namna ya kukitamka, ila kwenye barua kinapendeza sana.

Mpango huu una feizi tatu. Feizi ya kwanza inaitwa Uondoaji, na feizi hii, nyote ni mashahidi, imetekelezwa kwa kiwango ambacho hakijawahi kuonekana, kwani lori letu lilifika hapa saa mbili asubuhi, na ndani ya dakika arobaini likawa limeng'oa vibao vyote arobaini na saba vya mtaa huu, pamoja na kile kiatu, na nyuma ya lori wakafuata vijana wa rangi, wakapaka kuta zote, milango yote na, kwa bahati mbaya, paka mmoja, rangi moja tu, kijivu, ambayo si kijivu cha kawaida bali ni kijivu cha kimkakati. Feizi ya pili inaitwa Tafakuri, na tumekuwa ndani ya tafakuri kwa wiki kumi na moja mfululizo bila mapumziko. Feizi ya tatu inaitwa Uzinduzi, na hiyo ndiyo hii mnayoiona.

(Fundi redio ameuliza kwa sauti: "Na feizi ya kurudisha?" Mratibu wa Waratibu amemnyooshea kidole cha kunyamaza.)

Nimesikia sauti pale, na ninapenda ushirikishwaji, lakini maswali yatakuwa mwishoni, muda ukiruhusu, na nimeshapewa taarifa kwamba muda hautaruhusu.

Sasa tuingie kwenye sayansi. Brandingi halisi ni nini? Katika kongamano nililohudhuria, kwenye ukumbi wenye kiyoyozi kikali sana, mtoa mada mmoja alisema maneno ambayo niliyaandika kwenye daftari na kuyapigia mstari mara mbili. Alisema alama ya biashara lazima itokane na ukweli wa mwenye biashara, kazi yake anavyoifanya, wateja wake wanavyomjua, ahadi anayoitimiza kila siku. Maneno mazito! Na mimi nikayachukua maneno hayo, nikayaboresha, nikasema hivi: kwa kuwa uhalisi ni kitu muhimu kiasi hicho, hauwezi kuachwa mikononi mwa mwenye duka. Mwenye duka yuko karibu mno na duka. Yuko ndani yake kutwa nzima. Atauona wapi uhalisi? Uhalisi unaonekana vizuri kutoka ofisini, ghorofa ya nne, kwa mtu ambaye macho yake hayajachafuliwa na kuwafahamu wahusika.

(Makofi kutoka kwa shemeji. Mke amemwangalia shemeji.)

Ndiyo maana nataka nitoe mfano hai. Yupo hapa yule mchora vibao wenu, mnayemwita Brashi? Simama, ndugu, usiogope. Huyu, ndugu wadau, ndiye aliyechora karibu vibao vyote vya mtaa huu kwa miaka ishirini. Hana cheti. Hana kompyuta. Hana palete ya rangi iliyoidhinishwa. Hebu waambie waheshimiwa hawa, unapopewa kazi ya kuchora kibao, unaanzaje?

(Brashi, mtu wa makamo mwenye rangi chini ya kucha: "Mimi huwa naenda kukaa dukani kwa mtu kwanza, Mheshimiwa. Siku nzima. Naangalia anavyofanya kazi, wateja wanamwambia nini, wanarudi kwa ajili ya kitu gani. Jioni ndiyo najua nichore nini. Kama sijajua, narudi tena kesho.")

Siku nzima! Mmesikia? Duka moja, siku nzima, na wakati mwingine kesho tena! Kitengo changu kimekamilisha upembuzi wa mtaa mzima kwa dakika ishirini na mbili, bila kuingia kwenye duka hata moja, na ripoti imetoka ina kurasa mia moja na themanini, zikiwemo tatu zenye maandishi. Kaa chini, ndugu Brashi, tunakushukuru kwa mchango wako, na kwenye mfumo mpya tutakutafutia nafasi ya kushika ngazi.

(Kicheko kwenye makochi. Nyuma hakuna aliyecheka. Brashi amekaa. Fundi viatu, mzee wa mtaa huu, amemsogezea nusu ya kivuli chake.)

Naomba sasa niwape takwimu, maana siasa tumewaachia wengine. Tulifanya utafiti wa kina kwa kuhoji watu saba, ambapo asilimia sitini na tatu nukta nne walisema wameridhika sana, asilimia hamsini na moja walisema wameridhika kupita kiasi, na waliobaki walikuwa mimi na dereva wangu. Utambuzi wa mtaa huu umepanda kwa asilimia mia mbili, kwa maana kwamba zamani mtu aliutambua mara moja, lakini sasa anaupita, anarudi, anaupita tena, na kila akipita tunamhesabu. Muda ambao mteja anautumia mtaani umeongezeka kutoka dakika kumi hadi saa nzima, yote hiyo akiulizia.

Na hapa lazima nizungumzie mafanikio ambayo hata mimi sikuyatarajia, ambayo wataalamu wangu wanayaita muingiliano wa huduma. Wiki iliyopita bwana mmoja mwenye jino bovu alikuja kumtafuta daktari wa meno, na kwa kuwa milango yote inafanana, kama tulivyokusudia, aliingia kwa kinyozi, akakaa kwenye kiti, akafumba macho, akafungua mdomo, na alipofumbua macho alikuwa amenyolewa nusu ya kichwa. Mnaona? Alikuja na hitaji moja akapata huduma nyingine. Mama mwingine alimkabidhi mwoka mikate suruali tatu za kupunguzwa kiuno, na mwoka mikate, kwa uungwana wake, akazipokea. Zamani zilikuwa wapi huduma hizi zote? Zilikuwa zimefungiwa ndani ya vibao!

(Mwoka mikate: "Suruali bado ninazo, mwenyewe ajitokeze, zina unga." Kicheko kikubwa nyuma, cha kwanza kwa leo. Mkurugenzi amedhani ni cha kwake, ameinamisha kichwa kushukuru.)

Asanteni, asanteni sana. Nikirudi kwenye mada, mtaa utakuwa na alama moja tu kwa maduka yote arobaini na saba, kwa sababu umoja ni nguvu ya soko, na alama hiyo nimeisimamia mimi binafsi, ni duara, ndani ya duara kuna jua linachomoza, mbele ya jua kuna kichwa cha mtu kinachotazama mbele kwa matumaini, paji la uso pana, miwani. Baadhi ya watu wamesema kichwa hicho kinafanana na mimi nikitazamwa kwa upande wa kushoto. Sikukusudia. Vitu kama hivyo hutokea pale kiongozi anapofanana na matumaini ya watu wake.

Na alama hiyo haitachorwa kwa brashi, hapana, itakuwa ya kidijitali, yenye taa, yenye kuzunguka, yenye kutoa sauti ya kukaribisha wateja, na ikifika robo ya tatu ya mwaka wa pili wa mpango, kila mwenye duka atakuwa na kibao kinachojua hali ya hewa, kinachojua jina la mteja, na ambacho mvua ikinyesha kitaingia ndani chenyewe. Kinyozi atakuwa nacho. Fundi viatu atakuwa nacho. Yule mama wa gauni la ajabu naye atakuwa nacho, na hatakuwa tena na ule mkono wa...

(Mama mshonaji amesimama kutoka safu ya nyuma. Ni mtu mzima, futi ya kupimia iko shingoni, amekuja nayo moja kwa moja kutoka kazini: "Mheshimiwa, samahani, mwanangu. Kibao changu kiko wapi?")

Mama yangu, nimesema maswali...

(Mama mshonaji hajakaa: "Si swali refu. Shule zinafunguliwa Jumatatu, na leo ni Jumamosi. Mimi nashona sare za watoto. Wazazi wanatoka mbali, hawajui jina langu wala la mtaa, wanaambiana tu nendeni kwa Mkono Mrefu. Sasa wanafika hapo kona, wanaona kuta za kijivu, wanageuka. Jana nimemkimbilia mama mmoja mpaka barabarani, futi shingoni, namwita, akadhani mimi ni kichaa. Sare nimeshakata, zimejaa mezani mpaka kitandani. Wiki hii moja ndiyo mwaka wangu wote, baba. Ikipita, imepita.")

Mama, mama, ninaelewa hisia zako, na hisia tumezitengea aya nzima kwenye ripoti. Lakini hebu tuwe wakweli mbele ya wageni. Mkono mmoja mrefu kuliko mwingine! Hilo ni kosa la mchoraji, na kosa haliwezi kuwa brandi.

(Brashi, bila kuitwa: "Ni kosa kweli. Ubao ulikuwa mpana kuliko gauni, nikaona nafasi imebaki tupu, nikaurefusha mkono. Nilimwambia nifute. Akakataa yeye.")

(Mama mshonaji: "Nilikataa kwa sababu watu walikuja dukani wanacheka, wananiambia mama, na sisi tushonee mkono mrefu kama huo, watoto wanakua haraka. Nikafikiri, wana akili hawa. Tangu siku ile kila sare naacha kitambaa cha akiba nimekikunja ndani ya mkono. Mtoto akirefuka, mzazi anafumua anateremsha, anapata mwaka mwingine. Kibao kilikosea, mimi nikakifuata. Sasa ni kweli. Wewe unasema umetafuta ukweli wa biashara yangu, mbona hukuja kuniuliza? Mlango uko wazi tangu alfajiri.")

(Makofi marefu kutoka nyuma. Kwenye makochi, dereva wa Mkurugenzi amepiga makofi mara mbili, kisha ameweka mikono mfukoni.)

Haya. Vizuri. Mmemsikia. Huu ndio ushirikishwaji tunaouimba kila siku, na napenda kumbukumbu zionyeshe kwamba nimemsikiliza mama huyu kwa uvumilivu nikiwa nimesimama. Ila kuna jambo ambalo kwa elimu yake hawezi kuliona, nalo ni kwamba tukiruhusu kila mtu awe na alama inayotokana na kazi yake mwenyewe, tutakuwa na alama arobaini na saba zinazotofautiana, na mteja ataweza kutofautisha duka na duka kwa macho yake tu, bila msaada wa kitengo, na kitengo kitafanya kazi gani? Mmefikiria kuhusu ajira?

Kwa hiyo, mama yangu, naomba ukae, na ninakuhakikishia mbele ya umati huu kwamba kibao chako hakijapotea. Kiko kwenye mchakato. Kimetunzwa katika mazingira rafiki, pamoja na wenzake arobaini na sita, na kinatumika kwa manufaa ya umma hivi sasa ninavyoongea. Na kuhusu Jumatatu, nakushauri usimame nje ya mlango wako na kuinua mkono juu. Umeona? Hiyo ni brandingi ya hali ya chini, lakini kwa kipindi cha mpito inatosha.

(Mama mshonaji hajakaa. Fundi viatu naye amesimama. Kinyozi amesimama. Afisa anayemwakilisha Makamu Mwenyekiti amepokea simu na kuondoka nayo.)

Naona watu wameanza kusimama kwa heshima, nami napokea heshima hiyo, kwa sababu tunakaribia kilele. Kabla ya shukrani, nataka sote, kwa sauti moja, tutamke kaulimbiu za mpango, kaulimbiu ambazo nilizitunga nikiwa bafuni, mahali ambapo fikra zangu nyingi za kitaifa huzaliwa. Mimi nitasema, ninyi mtajibu "Unaonekana!" Tuko pamoja? Mwonekano wa duka!

(Makochi: "Unaonekana!" Nyuma: "Wapi?")

Mwonekano wa mtaa!

(Makochi, chini kidogo: "Unaonekana." Nyuma: "Wapi?")

Mwonekano wa maendeleo!

(Shemeji peke yake: "Unaonekana!" Mke amemgusa kiwiko.)

Safi kabisa! Kijivu ni umoja! Umoja ni mwonekano! Mwonekano kwanza, duka baadaye! Naam. Sasa niingie kwenye shukrani, maana mtu asiyeshukuru ni mtu asiyelelewa, na mimi nimelelewa vizuri, mama yangu alikuwa mwalimu.

Kwa namna ya pekee namshukuru mtaalamu mshauri wa brandingi, aliyetoa mchango mkubwa kwa kutopatikana kwake, kwani kama angepatikana tungelazimika kumsikiliza. Naishukuru kampuni ya ubunifu itakayotengeneza vibao vya kidijitali, ambayo tutaanza kuitafuta mara tu itakapobainika kwamba vibao hivyo vipo mahali fulani duniani. Nakishukuru kikosi kazi cha mpango, ambacho ni mimi, na kamati ya ufuatiliaji wa kikosi kazi, ambayo ni shemeji. Namshukuru mpiga picha, kwa kuwa picha zake za leo ndizo kiambatisho cha taarifa ya ukamilishaji wa mradi, taarifa ambayo niliituma ngazi za juu siku ya Jumanne.

(Fundi redio: "Jumanne ipi?")

Jumanne hii iliyopita, ndugu yangu. Sisi hatuchelewi. Na nimeona mnaulizana pale nyuma kwa kunong'ona, vibao vipya vinakuja lini, vinakuja lini, kwa hiyo naomba niliweke sawa ili mwende nyumbani na amani ya moyo. Andiko la mradi huu, lile lililoidhinishwa, lina ukurasa mmoja, na kwenye ukurasa huo shughuli iliyoandikwa ni uzinduzi. Uzinduzi umefanyika. Hakuna mahali palipoandikwa vibao. Mlitaka vibao, mngeanzisha mradi wa vibao. Sisi tulikuwa na mradi wa kuzindua, na nina furaha kuwatangazia kwamba umekamilika kwa asilimia mia moja, kabla ya muda, bila kasoro yoyote.

(Katibu amesikia taipureta ya ofisi ya jirani. Hapana, ni mwoka mikate anasaga meno.)

Na mwisho kabisa, msinielewe vibaya, huyu nimemwacha mwisho kwa makusudi, namshukuru fundi seremala wa mtaa huu, yule pale aliyeshika kofia, kwa kunijengea jukwaa hili zuri ninalohutubia juu yake. Mabibi na mabwana, mnataka mfano wa ubunifu wa kizalendo? Fundi huyu amejenga jukwaa zima kwa siku moja bila kuagiza ubao hata mmoja kutoka nje, kwa kutumia malighafi iliyopatikana hapa hapa mtaani, mbao arobaini na saba, zimekauka vizuri, zimeshapakwa rangi upande mmoja, ambazo bohari yetu ilikosa mahali pa kuziweka. Upande wenye rangi tumeuelekeza chini, kwa sababu za kimwonekano. Mpigieni makofi fundi!

(Hakuna makofi. Fundi seremala: "Jamani, mimi niliambiwa ni mabaki. Zilikuja zimefunikwa turubai, nikakabidhiwa ramani, wamenisimamia mpaka nimemaliza. Brashi, kaka, wallahi sikuzigeuza kuangalia.")

(Mama mshonaji ametembea katikati ya makochi, hakuna aliyemzuia. Amefika jukwaani, amepiga magoti, ameinua kitambaa cha mapambo, ameingiza kichwa chini. Sauti yake imetoka huko: "Huu hapa. Mkono wangu huu hapa. Umepigiliwa misumari sita.")

Naona mama ameguswa na kazi ya fundi, na ni vizuri wananchi wakakagua miradi yao. Mama, ukimaliza kukagua rudi nyuma. Mama? Nilikuwa nasema, nawashukuru pia...

(Fundi viatu amepita na nyundo yake. Fundi redio na koleo. Kinyozi amevua koti. Fundi seremala amevaa kofia, akasema, "Anzeni na ule wa pembeni, huo ndio unaoshika nyingine," na akaingia chini wa kwanza. Brashi amefuata, anasoma moja moja kwa sauti kama mwalimu anayeita majina: "Mikate. Redio. Kinyozi, njoo uchukue masikio yako.")

...nawashukuru pia waandishi wa habari, ambao hatukuwaalika ili wasije wakapotosha, na nawashukuru ninyi wenye maduka kwa subira yenu. Makochi yasiondoke, tafadhali, bado kuna picha ya pamoja. Shemeji, unakwenda wapi? Dereva, mbona gari linawashwa? Mpiga picha, usipige huko chini, piga huku, upande wa kushoto. Ndugu wananchi, nimehutubia kwenye majukwaa mengi, lakini nakiri sijawahi kupokelewa namna hii, maana ninayasikia makofi yenu, yanatoka chini kabisa kwa wananchi wenyewe, ni makofi mazito, yananifika mpaka kwenye magoti.

(Si makofi. Ni nyundo. Mama mshonaji ameshaondoka na ubao wake kichwani, anakimbia. Kwenye kona kuna mzazi na watoto wawili wanaangalia kuta. Nafasi ulipokuwa ubao huo iko chini ya kiatu cha kulia cha Mkurugenzi, na sasa hivi uzito wake wote ameuhamishia mguu huo.)